Kaniya wa Nyumba Tisa

Jumanne moja ya majira ya baridi, kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Shobhakant alichora mstari wa chaki katikati ya ubao wa darasa la tano. Watoto walikuwa wameshiba mseto wa mchele na dengu wa jiko la shule, na nusu yao walikuwa wanasinzia. Mwalimu akapiga meza kwa kifutio, vumbi likaruka, wakaamka.

"Kulia, nomino za pekee," akasema. "Kushoto, nomino za kawaida. Kiingereza hakitaki mchezo hapa. Cha pekee kina herufi kubwa mbele. Cha kawaida hakina."

Hilo la herufi kubwa liliwasumbua. Katika maandishi yetu huku Mithila hakuna herufi kubwa wala ndogo. Zote zinaning'inia kwenye mstari mmoja kama nguo kwenye kamba, kimo kimoja. Kwa hiyo mtoto mmoja wa nyuma akauliza ni nani anayeamua nani apewe kubwa.

"Sikilizeni," Mwalimu akasema, akakohoa. "Mto ni mto. Ukiutoa huu ukaweka ule, sentensi haidhuriki. Ndoo kwa ndoo, jembe kwa jembe. Lakini Kamla ni Kamla. Ukiitoa Kamla ukaweka mto mwingine, umesema uongo. Cha kawaida kina mbadala, cha pekee hakina. Kesho kila mtu aniletee kumi na kumi vya nyumbani kwake, na nisione mtu kanakili vya jirani."

Juhi, mtoto wa Bholanath, alikuwa na miaka tisa na alikuwa mtoto wa kuchukua kila jambo kwa uzito. Jioni ile alikaa uani karibu na kitanda cha kamba cha bibi yake, daftari mapajani, akaanza na upande alioudhania mgumu. Vya pekee vilikuja mbio. Bholanath, baba yake, anayefanya kazi kiwanda cha nguo huko Surat na kurudi mara moja kwa mwaka. Ugranath, baba yake mkubwa, aliyekuwa barazani anakata popoo. Lakhiya, ng'ombe. Munmun, mbuzi. Narhaiya, kijiji chetu. Akaweka na jina lake mwenyewe, kubwa kuliko yote. Vya kawaida navyo vikaenda vizuri, bomba, ndoo, jiko, bwawa, mpaka akabakiwa na nafasi moja.

"Bibi, mama anaitwa nani?"

"Anaitwa kaniya."

"Kaniya si bibi-arusi tu? Kila nyumba ina kaniya."

"Sasa mimi nimekuambia nini? Andika, giza linaingia."

Mama mwenyewe alikuwa hatua sita kutoka hapo, anachochea moto kwa majani makavu ya mwanzi. Jina lake lilikuwa Tarini. Alilisikia swali, lakini hakuulizwa yeye, na barazani alikuwepo kaka wa mumewe, ambaye kwa desturi yetu hasemi na mke wa mdogo wake wala hamwoni uso. Miaka kumi na mmoja Ugranath alikuwa anakohoa mara mbili kabla ya kuingia uani ili Tarini ajishushie sari usoni, na miaka kumi na mmoja Tarini hakuwahi kutoa sauti mbele yake. Sasa angejibuje? Akageuza mkate. Juhi akaandika kaniya upande wa kushoto, namba kumi, kwa herufi ndogo.

Asubuhi yake mwanamke aliyekuwa jikoni hakuwa Tarini.

Alikuwa kimo kilekile, na sari imeshushwa vilevile, na bangili za kioo zinalia vilevile. Moto ulikuwa umewaka, maji yamechotwa, vyungu vimesuguliwa kwa majivu. Ugranath alikohoa mara mbili, akaingia, akapokea chai yake iliyowekwa kwenye jiwe, akanywa. Bibi alipewa maji ya moto ya kukandia magoti. Juhi alijua alipoketi kusukwa nywele, kwa sababu mikono ile ilianza kuchana kutoka kushoto, na juu ya kiganja hapakuwa na lile kovu la mama yake la mafuta ya moto.

"Wewe nani?"

"Kaniya," akasema yule mwanamke. Halafu akapunguza sauti. "Mimi wa kwa Mahavir, ile nyumba ya kusini. Naitwa Rambha. Nimeamka nikajikuta hapa. Tulia basi, nisikuvute."

"Na mama yangu yuko wapi?"

"Labda kwetu. Kama yuko kwetu, Mungu ampe akili amkorogee mwanangu uji. Mtoto ana miezi kumi. Maziwa yake nimekuja nayo huku, ona, yananilowesha."

Juhi alikwenda kumwambia bibi. Bibi akasema chai ya leo imekolea tangawizi. Aliyekataa katakata alikuwa Lakhiya. Ng'ombe yule alimnusa Rambha, akapiga ndoo teke, akakaa siku tatu bila kutoa hata kikombe. Nyumba nzima ikamlaumu ng'ombe.

Shuleni Mwalimu Shobhakant alisahihisha kazi. Daftari la Juhi lilipata vema ishirini, pamoja na ile namba kumi ya kushoto, kwa sababu ilikuwa sahihi.

Mambo yalikuwa hivyohivyo katika nyumba zote tisa za mtaa ule. Kaniya aliyelala huku aliamkia kule, kila alfajiri, bila zamu wala mpangilio. Leo kwa Mahavir, kesho kwa mwenye bwawa la samaki, keshokutwa pale kwa mjane mwenye redio. Waume zao wote walikuwa mbali, Surat, Ludhiana, Dilli, maana huku kwetu mwanamume mwenye nguvu huonekana sikukuu ya Chhath tu. Mama wakwe walikutana penye jua, wakibambua njegere, wakalizungumza.

"Kazi zinafanyika?" akauliza mjane mwenye redio.

"Zinafanyika."

"Wanagombana?"

"Wagombane saa ngapi?"

"Sasa tunalalamikia nini, jamani? Nipisheni huo ungo."

Wakaendelea kubambua njegere.

Tarini siku ile ya kwanza aliamkia kwa Mahavir kweli. Alifungua macho akaona dari si yake, na kando yake mtoto mchanga analia kwa njaa. Alimkorogea uji, akamlisha kwa kidole, akamfuta. Kisha alijitanda vizuri, akaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe wa nyumba ile.

"Mama, mimi si wa hapa."

"Hakuna kaniya wa hapa, mwanangu. Wote mmetoka kwingine."

"Naomba ruhusa niende nyumbani."

"Kwenu ulikwenda mwaka jana mvua zilipoanza."

"Si kwa baba yangu, mama. Hapo tu, nyumba ya tatu. Nina mtoto wa kike."

"Na ukienda, hapa nani apike?"

"Mimi naitwa Tarini," akasema Tarini. Lilimtoka tu.

"Jina zuri," akasema yule mama, na alimaanisha. "Haya kaniya, dengu zinafurika."

Adhuhuri, mama yule alipolala, Tarini alivunja adabu. Alitoka peke yake mchana kweupe, sari mpaka kidevuni, akapita nyumba ya pili, akafika kwenye lango la nyumba yake. Bibi alikuwa ameketi langoni, anaota jua.

"Wewe wa nani?"

"Wa hapa, mama. Kaniya wako."

"Kaniya wangu yumo jikoni," akasema bibi. Tarini alichungulia, akaona kweli yumo, anasugua sufuria ileile aliyoisugua yeye jana. Nafasi ilikuwa moja na ilikuwa na mtu. Juhi alikuwa bado shuleni. Tarini alisimama kidogo, akaangalia nguo za mtoto kwenye kamba, akaona moja imefungukiwa na pindo. Kisha akarudi kwa Mahavir kwa sababu mtoto wa watu alikuwa amebaki peke yake. Njia nzima alilia chini ya sari, na waliokutana naye waliona kaniya mwenye heshima anatembea.

Jumapili Bholanath alipiga simu kama kawaida yake. Siku hiyo aliyekuwa jikoni ni kaniya wa kwa mwenye bwawa la samaki, mwanamke mwenye sauti nene. Bibi akampa simu.

"Unasikia?" akasema Bholanath. Ndivyo alivyomwita mkewe tangu harusi. Mwanamume wa kwetu hatamki jina la mkewe mbele ya watu, na simu ile husikika ua mzima.

"Nasikia."

"Mama anakunywa dawa zake?"

"Anakunywa."

"Paa la zizi?"

"Linavuja upande mmoja."

"Mtoto anasoma?"

"Anasoma."

Juhi aliinyakua simu. "Baba, huyo si mama!"

Kule Surat mashine zilikuwa zinavuma. "Nini?"

"Nasema huyo si mama!"

"Sikusikii vizuri, mwanangu. Mpe mama simu nimuage, muda unaisha."

Yule mwanamke akapokea. "Haya," akasema. "Haya," akasema Bholanath, akakata.

Wanawake wenyewe walijuana. Alfajiri, wakienda kuoga bwawani kabla wanaume hawajatoka, walipeana habari huku meno yakigongana kwa baridi. Binti yako jana kakohoa, nimempa asali. Mwanao kaota jino la chini. Kwa mjane ukipika samaki usitoe kichwa, atakusema. Mama mkwe wa kwa Mahavir anapenda akandwe mguu wa kushoto, wa kulia muache. Mambo hayo walipashana bila kupaza sauti, wakakamua sari zao, wakaenda kila mtu kwenye nyumba ya siku hiyo. Wengi walizoea. Wawili walisema, kusema kweli, afadhali. Tarini hakuzoea. Kila alfajiri aliuliza jambo moja tu, Juhi amekula?

Siku ya kumi na mbili aliamka akaona dari yake.

Juhi hakwenda shule siku ile. Tarini alimsuka, akamkata kucha, akamtazama chawa, akashona lile pindo, akampikia majani ya tilkor ya kukaanga, akamsuka upya bila sababu yoyote. Mchana kutwa walikuwa wameshikana kama wagonjwa. Mtoto alilala ameshika kidole cha mama yake. Alfajiri kidole kilikuwa cha mtu mwingine.

Basi Juhi akaenda kwa Mwalimu Shobhakant, ofisini, wakati wa mapumziko.

"Mwalimu, neno likiwa upande wa kushoto, unalihamishaje kwenda kulia?"

"Neno gani?"

"Mama yangu."

Mwalimu hakucheka. Alifungua kabati, akatoa daftari kubwa la uandikishaji, akalipekua. Juhi Kumari, baba Bholanath, mama Kaniya Devi. Ulikuwa mwandiko wa Ugranath. Yeye ndiye aliyempeleka mtoto kuandikishwa mwaka ule, na alipofika kwenye jina la mama hakuwa na pa kuuliza, maana asingeweza kumuuliza mwenyewe, na bibi alikuwa amemwambia anaitwa kaniya. Mwalimu aliendelea kufunua. Darasa la tano lilikuwa na watoto thelathini na mmoja, na ishirini na watatu kati yao walikuwa na mama mmoja, Kaniya Devi.

"Niliona," akasema Mwalimu. "Nikadhani ni ukoo mkubwa."

"Na wewe mwalimu, mkeo anaitwa nani?"

Mwalimu Shobhakant alitazama dirishani, uwanjani, kwenye nguzo ya bendera. Alikohoa pale ambapo hakukuwa na haja ya kukohoa. "Hata kwangu, mtaa wa pili, tangu Ijumaa chakula kimekuwa kitamu," akasema mwishoni. "Nilidhani tumebadilisha mafuta." Akafunga daftari. "Juhi, neno halijihamishi lenyewe. Lazima mtu wa nyumba hiyohiyo aliite kama la pekee, na aendelee kuliita. Mara moja haitoshi. Limewekwa kushoto na mazoea, na mazoea hayana likizo."

Kesho yake Juhi aliamka na wanawake, akaenda nao bwawani. Ukungu ulikuwa mzito. Alimkuta mama yake maji yamemfika kifuani.

"Mama, jina lako nani?"

Tarini alitazama huku na huku kama mtu aliyeokota kitu cha watu. Mara ya mwisho mtu mwingine kulitamka jina lile alikuwa kuhani mbele ya moto wa harusi, mara tatu, haraka haraka. Hata kwao walimwita Bucchi, kisichana, kama wanavyoita visichana vyote.

"Tarini," akasema.

"Tarini," Juhi akarudia.

"Usiseme! Mtoto hataji jina la mama yake, ni mkosi." Kisha akamshika mtoto shavu kwa mkono wa baridi. "Hebu sema tena."

Jioni ile, saa ya kuwasha taa, Juhi alisimama langoni akatazama njia, akavuta pumzi, akaita: "Tarini!"

Njia nzima iligeuza shingo. Ugranath, barazani, aliangusha kisu cha popoo. Jina la mke wa mdogo wake lilikuwa limeingia masikioni mwake bila yeye kutaka, naye alikuwa mtu wa heshima. Aliinuka, akavaa viatu, akaenda zake njia panda kunywa chai. Bibi alikuja mbio kwa fimbo yake, na hakuwahi kwenda mbio miaka minne.

"We mtoto una wazimu? Unamwita mama yako kama mbuzi!"

"Mbuzi ana jina, bibi."

"Funga mdomo!"

Asubuhi Tarini alikuwa jikoni kwake, anapuliza moto. Lakhiya alitoa maziwa mpaka ndoo ikajaa. Juhi akaita tena jioni ile, na ya pili yake, na ya tatu, na siku zote hizo Tarini hakuondoka. Rambha na wengine saba waliendelea kuamkia walikoamkia.

Juhi alijaribu kumsaidia Rambha. Alikwenda akasimama kwenye lango la kwa Mahavir akaita kwa nguvu zake zote. Jina halikufika popote. Alikuwa mtoto wa nyumba nyingine, na mama mkwe wa pale alimfukuza kwa ufagio, bila hasira, kama anayefukuza kuku. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtoto mwingine isipokuwa yule mchanga. Rambha alisema atangoja akue aanze kusema. Halafu alikaa akafikiri mtoto huanza kwa kusema neno gani, akaacha kulizungumza.

Siku ya tano bibi alikata shauri. Alisema Juhi akiita tena jina lile, shule basi, na daftari litawashiwa moto. Aibu ilikuwa imefika mpaka njia panda. Juhi alipenda shule. Jioni ile alikaa kimya, na jioni iliyofuata pia, na kila asubuhi mikono iliyomsuka ilikuwa mingine. Hakula. Alikonda haraka, kama watoto wanavyokonda.

Siku ya tatu, mchana, alikuwa peke yake na bibi uani. Bibi alikuwa amechuchumaa, amekanyaga ubao wenye kisu kilichosimamishwa makali juu, anapasua bilingani.

"Bibi, kwa nini hutaki mama arudi?"

"Nani kasema sitaki?"

"Wewe unajua huyu wa jikoni si mama. Ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua kabla yako," akasema bibi. "Nilimjua kwa miguu." Akapasua bilingani nyingine, akaangalia kama ina mdudu. "Kwani unadhani jambo hili limeanza na mwalimu wako? Mimi sikuolewa nyumba hii."

Juhi akaitazama miguu ya bibi.

"Niliolewa ng'ambo ya Kamla. Nilikuwa na mtoto wa kiume, Dayanath, anatambaa, ana jipu nyuma ya sikio. Usiku nilimpaka manjano, nikalala. Nikaamka hapa. Ua huuhuu. Ugranath alikuwa na miaka mitatu. Alinitazama siku nzima bila kupepesa, jioni akaniomba maji. Nikampa. Ningefanyaje?"

"Na babu?"

"Babu yako alikuwa Kalkata. Aliporudi alikuta kaniya jikoni, naye aliacha kaniya jikoni. Akauliza kuna nini cha kula. Bholanath, baba yako, huyo nimemzaa mimi."

"Hukurudi kwenu?"

"Nilingoja niitwe. Mvua mbili, tatu. Kule kulikuwa na watu wazima sita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo, hilo jina. Dayanath alikuwa anajua kusema mama tu, na mama alikuwa naye, wa kila asubuhi." Akafuta kisu kwa ncha ya sari. "Halafu ukaja mwaka sikuhama tena. Mimi nilidhani nimebahatika. Kumbe wanazeeka tu, wanaitwa mama, wanaitwa bibi, wanaachwa walipo."

"Na mama yake baba mkubwa? Yule wa kwanza?"

"Naye yuko mahali anapasua bilingani."

Juhi alisogea akamshika bibi kisigino, kile kilichokuwa kimekanyaga ubao. "Bibi, nitajie jina lako. Mimi ni mtu wa nyumba hii. Nitakuita, uende ukamwone Dayanath."

Bibi aliweka bilingani chini. Alikaa akafikiri. Midomo yake ilijaribu kitu, ikaacha, ikajaribu kingine. Jua lilitoka kwenye ngazi, likapanda ukutani, likafika kwenye michoro ya samaki na maua ya yungiyungi ya harusi ya Tarini, na bibi bado alikuwa anafikiri. Mara moja alisema, "Lilikuwa fupi." Baadaye akasema halikuwa fupi. Macho yalimlowa, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu.

"Limekwenda," akasema. "Lete sufuria."

Jioni ile Juhi alisimama langoni akaita. Bibi hakumruhusu, hakumkataza. Daftari halikuwashiwa moto.

Sasa ni desturi. Saa ya taa inapokaribia Ugranath huvaa viatu mwenyewe akaenda njia panda, na wenye vibanda vya chai wanajua ni saa ngapi wakimwona. Mjane mwenye redio hupunguza sauti, si kwa heshima, anasema, ila kelele mbili zinamuumiza kichwa. Juhi huita, "Tarini!", na Tarini, aliye hatua sita kutoka hapo, huitika, "Naam." Mwanzoni aliitika kwa kunong'ona. Siku hizi anasikika mpaka nyumba ya pili. Juhi ameshamwambia Mwalimu kwamba hataki shule ya bweni, hata akishinda mtihani, na Mwalimu hakumuuliza kwa nini.

Wale wanane wengine bado wanahama. Mtoto wa Rambha ameanza kusema, na amesema lile neno ambalo watoto wote huanza nalo, na yeyote anayeamkia pale humwitikia.

Bibi, ikifika saa hiyo, huteremsha shali kutoka kwenye sikio lake moja linalosikia. Juhi huita, Tarini huitika, mambo huwa yameisha, lakini bibi hubaki ameelekeza sikio njiani, upande wa Kamla, kwa muda wa kutosha kumenya vitunguu viwili. Hakuna anayeita jina jingine. Ndipo hujifunika shali tena, akajiegemeza.

"Kaniya," husema, "giza limeingia, leta taa."

Na Tarini humletea.